Sinia la Jioni: Chakula cha Nyumbani katika Historia ya Waislamu wa Ziwa Tanganyika

Habari za Waislamu wa pande za Ziwa Tanganyika zimeandikwa mara nyingi, na kila mwandishi amefuata njia aliyoipenda. Wako walioandika habari za misafara na pembe za ndovu, wako walioandika vita vya Waarabu na Wabelgiji, na wako waliosimulia masheikh, tarika na misikiti. Mambo hayo yote yana haki ya kuandikwa. Lakini liko jambo moja ambalo kila mtoto wa Ujiji, Uvira, Rumonge na Buyenzi alilikuta nyumbani kabla hajaijua alifu wala be, nalo ni sinia la jioni: wali au ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, ndagala wa kukaanga, na watu saba au wanane wameketi jamvini wakila kwa mkono mmoja na kuzungumza. Chakula hicho si cha arusi wala si cha maulidi, na hakuna aliyealikwa kwa barua. Hata hivyo, mwenye kutaka kujua jinsi watu waliotoka Mrima, Maniema, Unyamwezi, Ujiji na Urundi walivyopata kuwa jamaa moja hana budi kuinama atazame kilichomo katika sinia hilo, kwani kila kitu kilichomo kina asili yake na safari yake.

Na tuanze na wali, maana ndio uliotangulia kuandikwa. Mnamo mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Tangier alifika Mogadishu, akapokewa na kadhi na sultani wa mji. Ameeleza kwamba alipelekewa wali uliopikwa kwa samli, umetiwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake pamewekwa kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, na tangawizi mbichi na maembe. Miaka karibu mia saba imepita, na mtu wa pwani akisoma maneno hayo leo haoni ugeni wowote, ila labda zile ndizi za maziwa. Chombo cha mti kimekuwa cha bati au cha shaba, lakini mpango ni ule ule: wali chini, kitoweo juu, mikono pande zote.

Mpango huo ndio uliopanda bara pamoja na misafara ya karne ya 19. Kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hata Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,200, na msafara ulitembea miezi mitatu au zaidi, ikiwa njia ni salama na wapagazi hawajatoroka. Katika safari kama hiyo mtu huacha vitu vingi nyuma. Nazi haikubebeka, mpagazi aliyejitwika nguo na shanga za tajiri hakuwa na nafasi ya kujitwika na madafu. Basi tui, ambalo kwa mtu wa Mrima ni nusu ya mapishi, likabaki pwani. Mbegu za mpunga zilibebeka, zikapandwa Tabora na Ujiji, na baadaye ng'ambo ya ziwa. Bizari nazo zilibebeka, kwa kuwa ni nyepesi na hukaa. Kwa hiyo mtu wa pwani alifika ziwani akiwa na nusu tu ya chakula chake, akitafuta nusu ya pili kwa wenyeji.

Nusu hiyo alikuta imekwisha tayari. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliliona soko ambalo halikungoja mgeni ndipo lianze: samaki wabichi na wakavu, mawese, chumvi, ndizi, muhogo na mboga za kila namna. Watu wa ziwa walikuwa wakivua dagaa usiku wa giza kwa moto wa kuni uliowashwa mbele ya mtumbwi, na kuwachota kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga, kisha wakawaanika mchangani. Walijua kukamua mawese, na kuyapika yakaacha ukali wake. Mtu wa pwani hakufundisha mambo hayo. Yeye ndiye aliyefundishwa, na hili ni jambo ambalo wajukuu wa wafanya biashara wakubwa hawakupenda sana kulikiri. Palipokosekana tui, mawese yakaingia chunguni. Palipokosekana papa na nguru, ndagala na mgebuka, ambaye Warundi humwita mukeke, wakapanda juu ya wali. Kisamvu cha pwani kikakutana na sombe ya bara, na wote wawili ni jani moja la muhogo, mmea ambao wenyewe ulivuka bahari kutoka Amerika katika siku za Wareno.

Iko siku moja ya Ujiji ambayo imesimuliwa duniani kote, lakini sehemu yake ya chakula husomwa haraka na kuachwa. Mwezi wa Oktoba 1871 Livingstone alirudi Ujiji kutoka Maniema akiwa mgonjwa, amekonda, na mali aliyoitazamia imekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Jirani yake mmoja, Said bin Majid, alijitolea kuuza pembe zake ili apate cha kumsaidia, naye akakataa kwa wakati ule. Hata Novemba akaingia Stanley na msafara wake. Maneno ya kuamkiana ya siku hiyo yanajulikana hata na watoto wa shule. Yaliyofuata ni haya: wakubwa wa mji waliposikia kuwa mgeni amefika, hawakungoja kuombwa. Kutoka nyumba ya Said bin Majid kikaja chano cha vitafunio vya nyama iliyokatwakatwa. Kutoka kwa Muhammad bin Saleh akaja kuku wa mchuzi wa bizari. Kutoka kwa Mwinyi Heri, mkubwa wa watu wa Mrima, ikaja nyama ya mbuzi na wali. Stanley mwenyewe ameandika kuwa vyakula vilikuja kimoja baada ya kimoja, nao wakavila kadiri vilivyoletwa. Mzee aliyekuwa akinywa chai tu, hana hamu ya kitu, akala siku ile kama mtu mwenye afya na njaa.

Katika habari hiyo wako watu wawili wa kutazamwa zaidi. Wa kwanza ni Muhammad bin Saleh. Mtu huyu alikuwa amezuiliwa miaka mingi kwa Kazembe, asipate ruhusa ya kuondoka, na Livingstone alikuwa mmoja wa waliosaidia akafunguliwa. Mapatano yao hayakuwa mazuri siku zote baada ya hapo, lakini mgeni alipofika, kuku alipelekwa. Desturi ya jirani haikungoja moyo utulie. Wa pili ni Halima, mpishi wa Livingstone. Stanley amesimulia kwamba mwanamke huyo alikuwa akichungulia kutoka jikoni kuhakikisha kama kweli sasa walaji ni wawili, kwa maana siku nyingi alikuwa akimpikia bwana asiyeweza kula, akaingiwa na wasiwasi kwamba upishi wake haupendezi. Meno ya bwana yalikuwa yamelegea kwa kutafuna mahindi magumu, na Halima ndiye aliyemtengenezea mikate laini. Katika vitabu vizito vya safari za karne ile majina ya wapishi ni machache mno. La Halima limesalia, nalo limesalia kwa sababu ya furaha yake ya kuona chakula kinaliwa.

Haingefaa, walakini, kuishia hapo kwenye harufu nzuri ya wali wa Mwinyi Heri. Mpunga huo ulilimwa na nani? Uliponda nani kinuni? Ujiji ya 1871 ilikuwa mji wa biashara ya pembe na ya watu, na mashamba yaliyoizunguka yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Miezi michache kabla ya siku ile ya furaha, yaani tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba. Soko la Nyangwe lilikuwa soko la wanawake. Walivuka mto kwa mitumbwi wakileta samaki, muhogo, vyungu, chumvi na kuku, wakabishana bei na kucheka. Siku ile watu wa wafanya biashara walifyatua bunduki katikati ya soko. Wengi walikufa kwa risasi, na wengi zaidi wakazama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe waliwahesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Waliouawa walikuwa wauza chakula.

Wazee wengi wa Ujiji, Rumonge na Buyenzi asili yao ni Maniema, na ukweli huu unawahusu kwa pande zote mbili. Kwani wako waliotoka huko kama watumwa, wako waliotoka kama wapagazi na askari wa matajiri, na wako ambao babu mmoja alikuwa huyu na babu wa pili yule. Walipoulizwa kabila walijibu kwamba wao ni waungwana, wakanyamaza. Mpunga haukunyamaza. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati wa utawala wa Hamed bin Muhammad, aitwaye Tippu Tip, mashamba ya mpunga yalienea Kasongo na Nyangwe hata Maniema ikawa nchi ya wali, na hata leo watu wa Maniema hulima mpunga na kujivunia. Majeshi ya Dola ya Kongo yalipouteka mji wa Kasongo mwezi wa Aprili 1893, maofisa walistaajabu kuona bustani za michungwa, mikomamanga na miwa. Matajiri walikufa au walikimbia. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Unguja, akafa huko mwaka 1905. Waliobaki na jembe na kinu ni wale wale waliokuwa nacho tangu mwanzo, na wengi wao walivuka ziwa wakakaa Ujiji, na kutoka Ujiji wakapanda kaskazini mpaka Usumbura.

Hapo ndipo sinia lilipofanya kazi ambayo hakuna sheria iliyoifanya. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini sheria haiwezi kumketisha mtu jamvini. Nyumbani kwa bwana wa zamani, mtumwa alikula baadaye na mahali pengine. Katika mji mpya, ambamo fundi cherehani, mvuvi, mpishi wa Mzungu na mwalimu wa chuo waliishi ua mmoja, kila mtu alikuwa na chakula kidogo na hakuna aliyekuwa na cha kutosha. Wakafuata desturi ya pwani ya kula kikoa: leo kwa huyu, kesho kwa yule, au kila nyumba ilete chombo chake na vyote vimiminwe pamoja. Mwenye ndagala alete ndagala, mwenye maharage alete maharage, na aliyekosa alete maji ya kunawa. Kikoa kina hesabu zake kali. Mtu aliyejulikana kwa kuleta mchuzi mwepesi siku ya zamu yake alisemwa mtaa mzima kwa mwaka. Lakini huwezi kuchovya tonge katika bakuli moja na mtu kwa miaka kumi, kisha ukamuuliza babu yake alinunuliwa wapi.

Adabu ya sinia ilitoka katika dini yenyewe. Hadithi ya Umar bin Abi Salama ni miongoni mwa za kwanza kufundishwa watoto chuoni, na inafaa kukumbushwa kuwa nayo ni habari ya chakula cha nyumbani. Umar alikuwa mtoto katika ulezi wa Mtume, rehema na amani zimshukie, na siku moja wakila pamoja mkono wake ulikuwa ukizunguka chomboni huku na huko, kama mikono ya watoto wote. Akafundishwa kwa upole mambo matatu: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Kwa masheria haya matatu mtoto wa mtumwa na mtoto wa tajiri hupata haki sawa, maana kila mmoja ana upande wake wa sinia na hakuna wa kumvukia. Mwenye kusogeza kipande cha nyama kuelekea upande wa mgeni huhesabiwa kuwa amelelewa vizuri. Wanawake kwa desturi walikuwa na sinia lao uani pamoja na watoto wadogo, na kama ilivyo mahali pote, mazungumzo ya huko yalikuwa matamu zaidi na wali wa huko ulikuwa umepoa.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi wa Februari 1914, na meza ya mtu wa kawaida ikapata mambo mapya. Kabla ya hapo ngano ililimwa kidogo na Waarabu wa Tabora, na mkate wa ngano ulikuwa chakula cha wakubwa. Baada ya reli, magunia ya unga, sukari na chai yalishuka Kigoma, yakavushwa kwa meli na mashua hadi Usumbura, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga boma mwishoni mwa karne ya 19 na Wabelgiji wakalitwaa mwaka 1916. Wahindi walifungua maduka. Na kwa Wahindi watu wa mji walijifunza chapati, wakaifanya nene na laini zaidi, wakaila kwa maharage. Mandazi ya iliki na chai ya tangawizi vikawa kifungua kinywa cha wachukuzi wa bandarini.

Sambusa ni mzee kuliko wote. Katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad na Muhammad al-Baghdadi mwaka 1226 tayari imo, kwa jina la sanbusaj, imejazwa nyama na viungo na kukaangwa mafutani. Ikapita Uajemi, India na Arabuni, ikafika pwani, na kutoka pwani ikafika Buyenzi, ambako hujazwa nyama ikiwa ipo, na viazi au dengu ikiwa haipo. Vile vitafunio vya nyama vya Said bin Majid havikuelezwa sura yake, kwa hiyo haifai kudai kuwa vilikuwa sambusa. Lakini msomaji wa Buyenzi akifika kwenye ukurasa ule hufikiri hivyo bila kuambiwa.

Wabelgiji walipoupanga mji wa Usumbura, waliwatenga Waafrika katika mitaa yao, na Buyenzi ukawa mtaa wa Waswahili, yaani wa Waislamu, wakitumia Kiswahili kama lugha ya nyumbani katika nchi ya Kirundi. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki walileta nyavu kubwa na taa, ndagala wakawa wengi sokoni kuliko wakati wowote, na bakuli la ndagala likawa kitoweo cha kila nyumba. Nchi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962 na mji ukaitwa Bujumbura. Barabara za Buyenzi zikabaki zimejaa gereji, mafundi, na mabinti wauzao mandazi asubuhi.

Liko jambo jingine ambalo haliwezi kurukwa. Katika vita vilivyoanza Oktoba 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika, huu ukawa wa Wahutu na ule wa Watutsi, na mtu kuvuka barabara ilikuwa kuhatarisha roho. Buyenzi ulijulikana kuwa mtaa wa watu waliochanganyika. Msiba uliufikia, mwezi wa Machi 1995 mauaji yalitokea Bwiza na Buyenzi, na watu wengi wakakimbilia Uvira. Hata hivyo mtaa haukukubali kugawanyika, na wako waliokaa siku nyingi katika chumba cha ndani cha jirani wakingoja hali itulie. Historia za miaka ile huandika idadi ya waliokufa, na ni haki ziandike. Hazikuandika nani aliongeza maji kwenye maharage ili yawatoshe na waliofichwa, wala nani aliyekwenda sokoni kununua ndagala zaidi ya kawaida na kumwongopea muuzaji kwamba ana wageni wa arusi. Wazee walikuwa wakiikumbusha Hadithi isemayo kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu, na cha watatu huwatosha wanne. Mama wa nyumba katika mwaka ule aliijua kwa hesabu.

Siku hizi samaki wa ziwa wamepungua na bei yao imepanda. Katika nyumba nyingi ndagala ni wa kuhesabiwa. Vijana wengine hula katika sahani mbalimbali, kila mtu na yake, na hilo nalo lina sababu zake, kwa kuwa kazi na masomo havirudishi watu nyumbani kwa saa moja. Lakini jioni ya Ijumaa, na usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, masinia hutoka yalikowekwa. Wali hupakuliwa ukifuka moshi, maharage humwagwa katikati mawese yakimetameta juu, ndagala hutawanywa pembeni, na ndimu hukamuliwa na mkubwa wa sinia. Kwa dakika chache hapana asemaye. Kisha mmoja husema kuwa chumvi imezidi, mwingine husema imepungua, na mwenye kupika, akiwa uani, hujibu kwa sauti kwamba aliyeshiba ndiye huonja chumvi.

Sufuria nalo huachwa jikoni na ukoko wake chini, umeshika rangi ya dhahabu na umelowa mawese. Watoto hulizunguka na vijiko vyao, na mkubwa wao, ambaye jana tu alisoma Hadithi ya Umar bin Abi Salama, huanza kugawa: huu upande wako, huu wangu.